Waya wa Usiku wa Arusi

Mama alizoea kusema friji inang'ata. Alisema hivyo kwa miaka mingi, kwa sauti ile ile ya mtu anayesema paka wa jirani ni mwizi: neno la kuwaonya wageni, si la kumwita fundi. Tulipokwenda nyumbani Ngamiani, Tanga, kwa sikukuu, wajukuu walikuwa wakiambiwa wavae kandambili kabla ya kufungua friji. Wakavaa, nasi tukavaa. Nyumba nzima ilikuwa imejifunza kuishi na ubovu ule, na hakuna aliyewahi kuuita ubovu.

Mwaka juzi, mkesha wa Idi, mama alitoka kutawadha, miguu mitupu, sakafu ya saruji imeloa, akashika mpini wa friji. Mkono ukanasa. Umeme ukikukamata kiganjani, misuli hujikunja na vidole hufunga vyenyewe. Unataka kuachia na huwezi. Alitaka kuita, sauti haikutoka. Mjukuu wake wa miaka 11 ndiye aliyemwona, akachukua ufagio na kuigonga swichi ya soketi kwa mpini wake wa mti. Mama akakaa chini pale pale sakafuni. Mimi nilikuwa uani nachinja kuku, sikusikia kitu.

Siku ya pili ya Idi nilimleta fundi, mzee mwenye leseni ya EWURA, mpole wa maneno. Aligusisha testa kwenye bati la friji, taa yake ndogo ikawaka. Akauliza swali moja: "Ethi yenu iko wapi?" Tukatazamana. Ilimbidi aufuate mwenyewe waya wa kijani, kutoka kwenye mita, kupitia dirisha la jikoni, mpaka uani chini ya mpapai. Hapo ulikuwa umefungwa kwa kibanio chenye kutu kwenye kipande cha bomba la chuma. Alilishika lile bomba akalivuta, likatoka ardhini lote, halifiki hata urefu wa mkono.

Mafundi wa zamani walikuwa wakifunga ethi kwenye bomba la maji, kwa kuwa bomba la chuma lilikwenda mbali chini ya ardhi, na umeme uliopotea njia ulipata pa kushukia. Letu lilioza. Tukaweka la plastiki. Fundi wa maji alifanya kazi yake vizuri, maji yakaja kwa nguvu, mimi mwenyewe nilimlipa na kumshukuru. Wala yeye wala mimi hatukujua kwamba siku ile tumeikata njia ya umeme kurudi ardhini, na kwamba kuanzia hapo njia iliyobaki ilikuwa ni mwili wa mama.

Baba aliitia umeme nyumba ile mwishoni mwa miaka ya 60, mitambo ya Hale kwenye mto Pangani ikiwa bado mipya; ilianza kazi mwaka 1964. Nyumba ilikuwa na taa tano, redio, na soketi mbili za matundu ya duara. Hivyo ndivyo wayaringi yake ilivyopimwa. Baadaye sisi watoto tukaanza kuleta zawadi: friji, feni nne, televisheni, birika la umeme, pasi. Kila mmoja aliona fahari kumletea mama kitu. Hakuna aliyeleta waya. Birika peke yake, la wati 2,000 kwenye volti 230, linavuta karibu ampea 9, na sisi tulilichomeka kwenye ekstensheni pamoja na pasi, kwenye soketi ambayo fundi wa mtaani aliunga kutoka kwenye waya mwembamba wa taa. Umeme ukiongezeka mara mbili ndani ya waya ule ule, joto huongezeka mara nne. Soketi ilikuwa na rangi ya chai pembeni. Nyakati nyingine ilitoa harufu kama ya samaki, ndivyo plastiki ya vifaa vya umeme inavyonuka ikipata joto kupita kiasi, nasi watu wa pwani hatukushtushwa na harufu ya samaki.

Lakini kwa nini fyuzi haikukatika? Fundi akaufungua ubao wa fyuzi, vile vishikizo vya kauri vyeupe. Fyuzi ya taa ilipaswa kuwa na uzi wa ampea 5, mwembamba kama unywele. Tulikuta nyuzi za shaba zilizosokotwa, nene kama njiti ya kiberiti, zimeshika rangi ya kijani kwa chumvi ya bahari. Fundi hakusema kitu. Mama ndiye aliyeitambua kazi ile.

"Hiyo ya baba yenu," akasema. "Usiku wa arusi ya dada yako."

Nikakumbuka. Mwaka 1996, uani kumejaa, taa za rangi zimezungushwa mpaka kwa jirani, spika mbili kubwa za kukodi. Umeme ulikatika mara tatu, na kila ulipokatika kina mama waliguna. Baba akakata waya wa pasi mbovu, akamenya, akasokota, akafunga. Taa zikawaka, vigelegele vikapigwa. Nilikuwa nimemshikia tochi. Alisema, "Kwa usiku wa leo tu, mwanangu. Kesho nitautoa."

Baba hakuwa mtu mzembe. Alikuwa na nia ya kuutoa. Ila kesho yake taa zilikuwa zinawaka, na kitu kinachofanya kazi hakimkumbushi mtu. Fyuzi ilikuwa imesema mara tatu kwamba nyumba imebebeshwa kupita uwezo wake. Sisi tukaiziba mdomo, tukacheza mpaka alfajiri, na haikusema tena.

Tangu siku ile neno "kwa leo tu" linanisumbua. Mimi na mdogo wangu tuligombana kwa ajili ya shamba la Muheza wiki ile ile baba alipofariki. Tukakubaliana tunyamaze kwa sababu ya msiba, tutazungumza baada ya arobaini. Arobaini ikapita. Tukawa tunasalimiana vizuri, tunachangia pamoja, watu wanatusifu kwa kuelewana. Miaka minane. Fundi akiwa darini, akiangusha chini waya zenye ganda la mpira lililokuwa likipukutika kama gamba la karanga, niliketi kizingitini nikampigia simu mdogo wangu. Hatukuyamaliza. Tuliyafungua tu, na kuyafungua kwenyewe kulituuma.

Wayaringi mpya ilikula fedha niliyoiweka kwa ajili ya kuezeka. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, 1.5 kwa taa, kila kundi na sakiti breka yake, jiko njia ya peke yake, fimbo ndefu ya shaba ikapigiliwa ardhini pale mpapaini. Na kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD: kinapima umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30, yaani umeme unapoanza kupata njia kwenye mwili wa mtu, kinakata kabla hujamaliza kusema "mama". Jirani alipopita aliuliza fedha imekwenda wapi na bati ni zile zile zenye kutu. Mama akamjibu, "Imo ukutani."

Kile kifaa kina kibonyezo cha kujaribia. Fundi alimwambia mama akibonyeze kila mwezi, aone kama kinakata. Nilidhani atasahau. Nimefika wiki iliyopita, mwezi umeandama, nikamkuta amesimama juu ya kigoda kwa kandambili zake, kidole kwenye kibonyezo. Nyumba ikazima ghafla, feni zikapunguza mwendo mpaka zikasimama.

"Kiko macho," akasema gizani, akarudisha swichi juu.

Ule waya wa baba hatukuutupa. Mama ameuviringisha kwenye karatasi, ameuweka kabatini pamoja na picha za arusi.