Nilinakili Ripoti ya Dawa ya Shangazi

Wasee, leo hakuna vichekesho. Ni kemia, na usipite kwanza.

Mwaka wa pili chuoni, kabla sijaacha, tulifanya Grignard maabarani. Unaweka vipande vya magnesi kwa flaski, unamwaga etha, unaongeza kiwanja chenye bromini, unangoja ianze kuchemka yenyewe. Yetu ilikataa. Tukatikisa, tukaongeza chembe ya iodini, wapi! Flaski ilikuwa na unyevu, na maji kidogo tu yanaua hiyo kitu. Nikanakili matokeo ya kikundi cha jirani, nikapata maksi poa, maisha yakasonga. Hakuna aliyeniambia ni ya kazi gani, na mimi sikuuliza.

Juzi nimemsindikiza shangazi kuchukua dawa. Alipatikana na saratani ya matiti, akafanyiwa upasuaji, na sasa kila siku anameza tamoksifeni. Tukiwa kwa foleni nikatoa simu nione inatengenezwa vipi. Manze, nikakutana na Grignard.

Iko hivi. Kutengeneza dawa mara nyingi ni kuunganisha kaboni na kaboni, na hapo ndipo pagumu. Kaboni iliyoshikana na bromini ina njaa ya elektroni, na mwenye njaa hawezi kumlisha mwenye njaa mwenzake. Magnesi ikiingia katikati, mambo yanageuka: kaboni ile ile sasa ndiyo yenye elektroni za kugawa. Kwa tamoksifeni, pete ya benzini iliyofungwa kwa magnesi inaenda kushika kaboni ya ketoni. Inatoka alkoholi, unaiondolea maji, unapata dawa.

Victor Grignard aligundua njia hii Lyon, Ufaransa, mwaka wa 1900. Mwaka wa 1912 akapewa Nobel pamoja na Paul Sabatier. Akiwa kijana alianguka mtihani wa hesabu. Lakini msinitumie hiyo kama motisha ya kufeli: alirudi, akaufanya tena, akapita.

Sijutii kuacha chuo. Karo ilikuwa imeisha na nyumbani hakukuwa na pa kuitoa. Ninachojutia ni ile ripoti. Kama bado uko darasani, uliza swali moja tu kabla ya kukariri: hii inamsaidia nani? Jibu langu lilikuwa limekaa kando yangu kwa foleni, limeshika karatasi ya dawa, likiniuliza mbona nimenyamaza.