Shanta la Safari ya Wanale



Januari moja tuliwapeleka vijana 14 wa madrasa kupanda Wanale, mlima unaoutazama mji wa Mbale, huku kwetu mashariki ya Uganda. Ni safari ya siku moja: kupanda asubuhi, kuswali Adhuhuri juu, na kurudi kabla ya Magharibi. Alhamisi tuliwaambia kila mmoja aje na shanta, chakula na maji. Maji kiasi gani, hatukusema.

Walikuja na mabegi ya shule yenye mikanda myembamba, yananing'inia hadi makalioni. Mmoja wa miaka 13 alifungiwa na mama yake (Allah amlipe kheri) sufuria zima la wali, blanketi, na chupa ya maji ya nusu lita. Na sisi waalimu je? Shanta letu lilikuwa na vitabu vitatu vya jalada gumu, maana tulikusudia kutoa darsa huko juu.

Ilikuwa kiangazi. Maporomoko yanayoonekana kutoka mjini yalibaki uzi tu. Ilipoingia Adhuhuri vijana walitoa chupa zao wakatawadha kwa maji yale yale ya kunywa, kila kiungo mara tatu. Tukafurahi, tukawasifu! Ilhali wiki chache kabla tuliwaandikia ubaoni, katika mlango wa tayammamu, kwamba mwenye kuhitaji maji yake kwa kunywa huyaweka, akatayammamu. Tuliyasomesha masuala hayo kana kwamba ni ya watu wa jangwani, si ya Wanale.

Katika kushuka kijana yule alikaa chini. Akatapika, midomo imekauka, na maneno yake hayaeleweki. Chupa zote tupu. Mama mmoja wa kijijini alitoka na dumu lake, akamlaza kivulini, akamlowesha kichwa na kumnywesha kidogo kidogo mpaka akazindukana. Kisha akatutazama. "Mwalimu, humo mmebeba nini?"

Hatukumjibu.

Jioni ile tulikwenda kwa baba yake kijana tukamweleza yote, pamoja na habari ya vitabu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema safari nyingine atakuja mwenyewe.

Sasa mashanta tunayakagua siku moja kabla. Ya mitumba yanatosha kabisa, ila yawe na mikanda mipana yenye sponji na mkanda wa kiunoni, ili uzito ukae nyongani na si mabegani. Vizito vikae katikati, karibu na mgongo. Sweta na nguo zitiwe kwenye nailoni, kwani mvua za huku hazipigi hodi. Maji tunahesabu nusu lita kwa kila saa ya mwendo, na jua likiwa kali tunazidisha. Mzigo wa mtoto tunaufanya usizidi sehemu ya kumi ya uzito wake, na tunaupima kwa mizani ya duka la nafaka. Saa sita ni lita tatu, yaani kilo tatu. Mtoto wa kilo 35 amebakiwa na nusu kilo ya kila kitu kingine. Akina mama, sufuria haiingii humo.

Safari iliyofuata baba yule alikuja kweli, na dumu la lita 10 begani. Sisi tulibeba kitabu kimoja chembamba, nacho hakikufunguliwa.