Kabla ya maonyesho mapya, mpitie mzee Murumbi

Likizo zinapokaribia, maswali mawili huzuka katika nyumba nyingi za jijini. Wazazi huulizana watoto watapelekwa wapi, na vijana wa vyuo, hasa wale wapendao sanaa, huulizana msimu huu kutaonyeshwa nini. Wewe msomaji, kabla hujajibu swali la pili, ningependa tutembee pamoja hadi mahali ambapo pengine umepapita mara mia bila kugeuza shingo.

Simama kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jicho lako bila shaka litaangukia Nyayo House, lile jengo refu ambako watu huenda kutafuta pasipoti. Sasa teremsha macho. Kando yake kuna jumba dogo la mawe, kama nyanya aliyeketi kimya karibu na mjukuu wake mrefu. Hiyo ndiyo Nairobi Gallery, mojawapo ya majumba ya Makavazi ya Kitaifa.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1913. Wakoloni walilitumia kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, na wenyeji wa mji wakalitania kuwa ni nyumba ya kuzaliwa, kuoana na kuzikwa. Baadaye likawa ofisi ya mkuu wa mkoa. Wazee wengine bado huliita "Old PC" hadi leo. Na kuna jambo ambalo wanafunzi wa jiografia watalipenda: hapo ndipo kilomita ya sifuri. Ukiambiwa mji fulani uko umbali wa kilomita kadhaa kutoka Nairobi, hesabu huanzia hapo mlangoni.

Nilimpeleka mwanangu aliye gredi ya tano. Nikiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimepita hapo tangu enzi za chuo nikidhani ni ofisi tu ya serikali.

Ndani kuna vyumba vinavyobadilika na vyumba visivyobadilika. Vile vya kwanza ndivyo vinavyofuata msimu: maonyesho yakiisha picha huteremshwa, nyingine zikatundikwa, na aliyechelewa amechelewa. Miongoni mwa waliowahi kuonyeshwa humu ni Rosemary Karuga, mzaliwa wa Meru, ambaye miaka ya 1950 alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa katika Chuo cha Makerere. Aliporudi alifundisha shule kwa miaka mingi, na alipostaafu hakuwa na pesa za kununua rangi. Basi alichukua pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazikata vipande vidogo vidogo, akazibandika mpaka zikawa mbuni, twiga na kina mama wakitoka sokoni. Alifariki mwaka 2021. Mzazi mwenye mtoto anayelilia rangi za bei ghali na amsimulie habari za mama huyu.

Lakini ni vile vyumba visivyobadilika vilivyonifanya niandike makala haya. Vimejaa vitu vya Joseph Murumbi: vinyago, mikufu, nguo za kufumwa, vitabu na stempu za posta kutoka pembe zote za Afrika. Mwanangu alizunguka kimya, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza, "Huyu mzee alikuwa na nyumba kubwa kiasi gani?"

Swali hilo lina jibu refu.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa na mama yake Mmaasai. Alipelekwa India kusoma akiwa mtoto mdogo, akarudi akiwa kijana. Wakati wa Hali ya Hatari, viongozi wa KAU walipokamatwa, alitoroka na kuishi London kwa miaka kadhaa, akiisemea Kenya huko. Wengine walipokuwa wakinunua suti, yeye alinunua vitabu kuhusu Afrika na vitu vya Afrika vilivyokuwa vimehamishiwa Ulaya. Baada ya uhuru alikuwa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1966 akawa makamu wa rais kwa miezi michache tu kabla ya kujiondoa. Mwaka 1972 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa lililowapa wachoraji na wachongaji wengi wa bara hili mahali pa kuonyesha kazi zao.

Nyumba yake ilikuwa Muthaiga. Katika miaka ya 1970 Murumbi aliiuzia serikali nyumba hiyo pamoja na vitabu vyake, zaidi ya 8,000. Watu wa nje walikuwa wamevitamani, lakini yeye alitaka vibaki Kenya. Matumaini yake yalikuwa kwamba nyumba ingegeuzwa kuwa taasisi ya kusomea mambo ya Afrika, watoto wa nchi hii waingie na kutoka. Taasisi haikujengwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, hatimaye ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990 akiwa ameyajua hayo.

Mwanangu aliposikia kwamba haipo tena, alitazama vile vitu upya, kama mtu anayewatazama wageni waliofukuzwa kwao wakakaribishwa kwa jirani. Nami nilifikiria Paa ya Paa, jumba la sanaa alilolianzisha mchoraji Elimo Njau na wenzake mwaka 1965, ambalo lilishika moto mwaka 1997 na kazi nyingi zikateketea. (Jina lenyewe ni utamu wa Kiswahili: paa yule mnyama, anayepaa.) Tumezoea kuuliza kutaonyeshwa nini. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza vitu vitalala wapi maonyesho yakishafungwa.

Sehemu nyingine ya vitu vya Murumbi iko mwisho wa pili wa Kenyatta Avenue, ukivuka Moi Avenue. Ni katika jengo la Nyaraka za Taifa, lile la "Archives", mkabala na iliyokuwa hoteli ya Hilton. Naam, papo hapo ambapo nusu ya Nairobi huambiana "tukutane", wakasimama nje saa nzima wakisubiriana. Jengo hilo zamani lilikuwa benki. Orofa ya chini imejaa vinyago, viti vya kigoda, ngoma na silaha, na wale wanaosubiriana nje wangeweza kusubiriana ndani. Nje anasimama Tom Mboya wa shaba, karibu na mahali alipopigwa risasi mwaka 1969.

Ushauri wangu ni huu. Nendeni Jumamosi asubuhi, mkianzia Archives, kwa maana hiyo ni ofisi ya serikali na haingoji wavivu. Kisha tembeeni polepole hadi Nairobi Gallery. Beba kitambulisho, kwani raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Mkiwa hapo ulizeni ni maonyesho gani yanayofuata na yataanza lini, muandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya nyumbani kabla hamjaisahau. Wanafunzi wabebe daftari. Walinzi wa jumba niliowakuta wanajua hadithi nyingi kuliko zile zilizobandikwa ukutani, mradi uwaamkie kwanza.

Miguu ikiwa bado ina nguvu, pandeni matatu hadi City Park, Parklands. Murumbi amezikwa hapo pamoja na mkewe Sheila, kati ya sanamu za wachongaji aliowapenda. Jirani yake yuko Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa Februari 1965. Walikuwa marafiki, na Murumbi alitaka alazwe karibu naye. Pana kivuli kizuri cha kupumzikia. Ila ndizi za watoto zifiche vyema mfukoni, maana kima wa City Park hawana desturi ya kuomba.