Usilipe kabla hujasoma mita

Wiki hii tuache kidogo mambo ya tarakilishi, tuangalie ile mashine ndogo ukutani ambayo hula pesa zetu kila siku: mita ya stima.

Mita huhesabu yuniti. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1000 kikitumika kwa saa moja. Balbu ya wati 10 itakula yuniti hiyo kwa saa 100. Birika la stima la wati 2000 litaimaliza kwa nusu saa. Hesabu ni hiyo tu.

Sasa sikieni yaliyotokea kwenye ploti yetu. Tuna mita kubwa moja, na kila nyumba ina mita yake ndogo iliyowekwa na landilodi. Mwezi jana mama mmoja jirani yangu aliletewa bili ya shilingi 7,650, na kodi ya chumba chake ni 4,500! Asipolipa, stima inakatwa. Akaniita: "Kijana wangu, wewe ni mtu wa kompyuta, hebu niangalizie." Ana balbu, redio na pasi, basi.

Keateka, ambaye ni mgeni kazini, alikuwa ameandika 4123 mwezi uliotangulia na 4378 mwezi huo. Tofauti ni yuniti 255, mara shilingi 30. Lakini tarakimu ya mwisho kwenye mita hiyo ni nyekundu, na nyekundu ni sehemu ya kumi. Mita ilikuwa inasema 412.3, kisha 437.8. Tofauti ni 25.5, na bili ni shilingi 765. Nilimwonyesha keateka bila kelele, tukazunguka ploti nzima naye. Nyumba mbili zaidi zilikuwa zimehesabiwa hivyo hivyo. Bili zikaandikwa upya.

Je, kama unashuku mita yenyewe? Tazama kataa kanakomemeta. Kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti moja, kwa mfano 1000 au 1600. Kama ni 1000, gawanya 3600 kwa sekunde zilizopo kati ya mmweko na mmweko. Jibu ni wati unazotumia wakati huo. Birika letu la wati 2000 likiwa peke yake litatoa mimweko 10 kwa sekunde 18 hivi. Kisha zima kila kitu na uchomoe plagi zote. Taa ikiendelea kumemeta, kuna stima inayovuja au kuna mtu amejiunganisha kwako. Mwite fundi.

Wenye mita za tokeni, zenu huhesabu kurudi nyuma: yuniti zilizobaki. Zile tarakimu 20 mnazobonyeza zimebeba biti 66, na ndani yake mna saa ya kununua, ikihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Waliobuni mfumo huo waliitengea biti 24, yaani dakika 16,777,216. Sisi waandishi wa programu tunajua mwisho wa hadithi hiyo: zilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana wateja wengi walitumiwa namba mbili za ziada za kubonyeza mara moja tu kabla ya tokeni yao. Zilikuwa za kubadilisha ufunguo wa siri ndani ya mita. Mita ambayo haikubadilishwa hukataa tokeni mpya, hata kama umelipa.

Kazi ya nyumbani: leo saa mbili usiku andika namba ya mita kwenye daftari, kesho saa hiyo hiyo uandike tena. Toa. Fanya hivyo kwa wiki moja, na siku bili itakapokuja utakuwa na hesabu yako mkononi. Asiye na hesabu hulipa anachoambiwa.

Haya, tuonane wiki ijayo.