Kakuma: Darasa la Lugha Sita na Jiwe Moja

IKIWA umewahi kupanda basi kutoka Kitale kuelekea kaskazini, unajua jinsi nchi inavyobadilika mbele ya macho yako. Unaacha mashamba ya mahindi, unapita Kapenguria, unateremka milima ya Pokot hadi Marich, na mara baridi inakuaga. Kuanzia hapo ni joto, miti ya miiba na mito ya mchanga mtupu. Unafika Lodwar, mji ambako Mzee Jomo Kenyatta alihamishiwa mwaka wa 1959 kutoka kizuizini Lokitaung. Endelea kilomita 120 hivi, nawe utaingia Kakuma.

Waandishi wengi wa kigeni wamedai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipojulikana. Wewe unayesoma ukurasa huu huhitaji kamusi kujua kuwa Kiswahili hakina neno hilo. Ukizuru kambi ya wakimbizi iliyoko hapo utaona pia kwamba si mahali patupu. Kuna maduka, mikahawa ya Wahabeshi wanaouza injera na kahawa kali, misikiti, makanisa, bodaboda, na shule zilizojaa watoto pomoni.

Kambi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1992, wakati maelfu ya wavulana kutoka Sudan walipoingia Kenya kwa miguu wakikimbia vita. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo, na mwaka wa 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa karibu na hapo. Watoto wao husoma mtaala wa Kenya. Kuanzia Gredi ya 4, karibu kila somo hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyekijua, hata awe hodari namna gani katika hesabu, hana budi kurudi nyuma akaanze na wadogo.

Nilikubaliwa kuketi nyuma ya darasa moja la wanaoanza Kiingereza. Kuta zilikuwa za mabati, na kufikia saa nne za asubuhi hungeweza kuziegemea. Nilihesabu wanafunzi hadi mia moja nikaacha. Kulikuwa na watoto wa miaka minane, na kulikuwa na vijana waliokwisha kuota ndevu. Lugha nilizozisikia kabla ya kengele ni Kisomali, Kidinka, Kiarabu, Kiturkana, Kirundi na Kiswahili cha Kongo.

Mwalimu wao ni mmoja wa wale wavulana wa 1992. Yeye mwenyewe alijifunza Kiingereza chini ya mti, akiandika mchangani kwa kidole. Alipoingia hakupiga kelele wala hakushika kiboko, maana Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka wa 2001. Aliinua mkono wake mmoja juu, akanyamaza. Waliomwona wakainua yao. Kabla sijahesabu ishirini, darasa zima lilikuwa kimya, mikono hewani.

"Sauti yangu ni moja, zao ni mia," aliniambia baadaye. "Nikishindana nao nitashindwa."

Kila benchi lina kiongozi wake, na viongozi hubadilishwa kila wiki. Mwalimu huwaketisha kwa kuchanganya lugha kusudi, ili jirani asipate mtu wa kupiga naye soga kwa lugha ya nyumbani. Kazi haizidi dakika kumi kabla ya kubadilishwa. Mara wanaimba sentensi pamoja, mara wanaulizana wawili wawili, mara wanaandika. Mtoto anayechoka ndiye anayezua fujo, asema mwalimu.

Somo la siku hiyo lilikuwa umoja na wingi, na kifaa kilikuwa jiwe. Mwalimu aliliinua: "This is a stone." Darasa likaitikia. Akaongeza mawili: "These are stones." Kisha jiwe likaanza kupita mikononi, na aliyelishika ndiye mwenye ruhusa ya kusema. Nikaona kwamba jiwe lile lilikuwa likifanya kazi mbili. Lilikuwa likifundisha sarufi na kutunza nidhamu kwa wakati mmoja.

Lakini la kuvutia zaidi ni namna mwalimu huyu anavyosoma makosa. Kwake, kila kosa lina kwao. Mtoto aliyelelewa kwa Kiarabu husema "I student", kwa kuwa Kiarabu hakihitaji kitenzi hapo katika wakati uliopo. Huyo huyo huenda akaanza kuandika upande wa kulia wa daftari. Msomali hapati taabu kutofautisha "he" na "she", kwa sababu lugha yake nayo hutenga mwanamume na mwanamke. Mrundi na Mswahili huyachanganya, kwani "yeye" wetu haulizi jinsia.

Sisi Waswahili tuna kosa jingine ambalo pengine wewe pia ulilifanya. Twasema "Mama anaenda", na ile "a" ya mwanzo hutaja tena mhusika. Basi mtoto wetu husema "My mother she go". Mwalimu aliandika ubaoni ninaenda, unaenda, anaenda. Kando yake akaandika I go, you go, she goes.

"Kiswahili hubebesha kila kitenzi mzigo mbele," alieleza. "Kiingereza hapa kina kifurushi kimoja tu, hii s, nacho hukibeba nyuma. Ukishataja mama, usimtaje tena. Mpe kifurushi chake aende zake."

Darasa lilicheka, likaelewa.

Kwenye benchi la tatu aliketi msichana kutoka Kivu, mrefu kuliko wenzake wote. Huko kwao alikuwa amefika mwaka wa sita wa shule ya msingi, akisoma kwa Kifaransa. Sehemu na asilimia alizijua. Kwa ajili ya Kiingereza aliwekwa pamoja na watoto wa miaka tisa. Siku zake za kwanza aliulizwa umri, akajibu, "I have fourteen years." Darasa likaangua kicheko, na mwalimu, anavyokiri mwenyewe, akatabasamu.

Kesho yake msichana hakuja. Wala wiki iliyofuata.

"Kosa lilikuwa langu, si lake," mwalimu aliniambia. "Kwa Kifaransa watu husema hivyo. Kwa Kiswahili nasi twasema nina miaka kumi na minne. Alikuwa ametafsiri vizuri lugha mbili, nami nikamcheka kwa ya tatu."

Jioni moja alikwenda nyumbani kwao, akamwomba radhi binti mbele ya mamake. Aliporudi darasani alitunga kanuni ambayo sasa imeandikwa juu ya ubao: hapa hatumcheki anayejaribu. Tena akampa msichana kazi ya kuwafundisha hesabu wenzake kila alasiri, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza kadiri anavyokipata.

Jiwe lilipomfikia, alilishika kwa muda. Mwalimu alisubiri bila kumwonyesha la kusema. Hatimaye akasema polepole: "My mother sell... sells tomatoes." Hakuna aliyecheka. Akampa jirani jiwe, akainama kuandika.

Je, amevuka? Bado. Mtihani wa kumpandisha gredi uko mbele, na kila muhula anaokaa chini unamwongezea umri. Wasichana wengi wa rika lake huacha shule wakiona haya kuketi na watoto. Kwake yeye ile s ndogo ni mlango. Ikimshinda, hesabu zote anazozijua zitabaki nje.

Msomaji, huenda huna safari ya Kakuma. Lakini nyumbani kwako Umoja au Kawangware yupo mtoto anayeleta daftari jioni lenye wino mwekundu. Kabla ya kumwita mzembe, uliza kosa hilo limetoka wapi. Mwombe akusomee kwa sauti. Chukua kijiko, au viazi vitatu vilivyo jikoni, mfanye somo hapo hapo. Dakika kumi zatosha. Na akikosea, funga kinywa chako kisije kikacheka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mtoto aliyechekwa huweza kuacha uhunzi wenyewe.

Nilipoondoka, jua lilikuwa utosini na darasa lilikuwa likiimba sentensi nyingine. Jiwe nililiacha mezani kwa mwalimu, ambako alikuwa ameliweka juu ya daftari ili upepo usizipeperushe karatasi zake.