Ukambi, maembe na jicho la mdogo wangu

Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano hapo nyumbani, hebu inuka kidogo ukakitafute kile kitabu chake cha kliniki kabla hujaendelea kusoma. Fungua ukurasa wa chanjo. Tazama mahali palipoandikwa miezi 9, kisha miezi 18. Halafu utafute jedwali la vitamini A, uone mara ya mwisho alipewa lini. Umeona? Basi rudi uketi, nikusimulie kwa nini nakusumbua Jumapili asubuhi.

Kwetu ni Hewani, kijiji cha Wapokomo katika delta ya Mto Tana, sehemu za Garsen. Ni nchi ya mpunga, ndizi na miembe, na mto ndio mama na ndio mama wa kambo. Mwaka ukiwa mzuri, unapanda maji yanapopungua na unakula. Mwaka ukiwa mbaya, maji yanakufuata mpaka kitandani.

Mwishoni mwa 1997 mwaka ulikuwa mbaya. Mvua za El Nino zilinyesha mpaka mashamba yakawa bahari, barabara ikakatika, na watu wa nyumba nne tukajibana katika nyumba moja iliyokuwa juu kidogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu alikuwa na mitatu, mtundu, mwenye kitambi cha uji na sauti ya kuimba kama jogoo. Chanjo ya ukambi hakuwa ameipata. Alipotimiza miezi tisa ilikuwa msimu wa kuvuna, mama akasema tutakwenda wiki ijayo, na ile wiki ijayo haikufika.

Ukambi, ambao wengine huuita surua, ulianza kama mafua. Homa, kikohozi, macho mekundu yanayotoka machozi. Siku ya nne upele ukatokeza usoni, ukashuka shingoni na kifuani. Nyanya alimtazama mara moja tu akajua. Akaamuru dirisha lizibwe kwa gunia. Mtoto asioshwe. Asile samaki, asile kitu chenye mafuta wala kitu kitamu, upele usije ukarudi ndani. Akawa anapewa uji wa mahindi meupe, mtupu, na maji ya uvuguvugu.

Usimhukumu nyanya yangu haraka, tafadhali. Alikuwa amezika watoto wawili wa ukambi katika ujana wake, wakati chanjo haijafika kwetu. Aliyoyafanya ndiyo aliyofundishwa na waliozika wao.

Jambo lisilonitoka akilini ni maembe. Yalikuwa yameiva wakati ule. Mengine yalianguka majini yakaja yakielea mpaka karibu na mlango, nasi watoto wazima tukawa tunayaokota na kuyafyonza huku tumeketi kizingitini. Mdogo wangu alikuwa ndani gizani akisikia harufu yake. Alilia, "Dada, embe. Dada, embe." Nami nilikuwa mtoto mtiifu, sikumpa.

Siku ya sita alianza kupumua kwa kuvuta mbavu, na sauti yake ikakauka ikawa kama ya mbwa anayebweka mbali. Macho yakafunga, yana usaha. Jirani mmoja mwenye moyo mwema akaleta maji ya majani fulani, akamtia matone jicho la kushoto. Aliruka kama aliyemwagiwa pilipili. Baba akasema imetosha. Siku mbili baadaye walipata mtumbwi, wakampeleka kwa maji, kisha kwa trekta, kisha kwa miguu, mpaka hospitali.

Daktari aliyempokea alimpa dawa za nimonia, na kitu kingine ambacho baba hakukielewa. Kilikuwa kidonge kidogo laini, kilichokatwa ncha kwa makasi na kukamuliwa mdomoni mafuta yake. Matone machache tu. Kesho yake akapewa tena. Wiki mbili baadaye mdogo wangu alirudi Hewani amekonda kama fimbo, yu hai, jicho la kulia linaona. La kushoto lilikuwa na doa jeupe kama punje ya mchele, na doa lile liko mpaka leo.

"Mngemleta siku nne mapema," daktari alimwambia baba, "huenda angerudi na macho yote mawili."

Nilipokuwa chuo cha uandishi wa habari ndipo nilipoanza kufuatilia ule mkamuo wa mafuta ulikuwa nini. Ilikuwa vitamini A. Na habari yake, msomaji, ni ya kwetu kuliko unavyodhani.

Ukambi ni ugonjwa wa virusi, na mlango wake ni njia ya pumzi. Mgonjwa akikohoa chumbani akaondoka, virusi vyake vinaweza kubaki hewani hata saa mbili. Katika kila watu kumi wasio na kinga wanaokaribiana naye, hadi tisa wataambukizwa. Vikishaingia, virusi hivi hushambulia utando laini unaofunika koo, mapafu, matumbo na macho. Sasa, utando huo huo ndio unaotegemea vitamini A ili ukae imara na ujirekebishe. Mtoto mwenye ukambi anaunguza akiba yake ya vitamini kwa homa, anaipoteza kwa kuhara, na hali chakula cha kuirudisha. Akiba hiyo hukaa kwenye ini. Kama alianza ugonjwa ini likiwa karibu tupu, mapafu huingiliwa na nimonia, na kioo cha jicho, ule utando mwangavu wa mbele, hukauka, hupata kidonda, na wakati mwingine hupasuka.

Kwa hiyo sisemi kwamba embe moja lingemponya mdogo wangu. Akiba ya ini hujengwa kwa miezi, kwa maembe na mapapai, mchicha na matembele yaliyotiwa mafuta kidogo, samaki, mayai na maini. Mtoto aliye hoi anahitaji dozi kubwa ya mara moja, si tunda. Lakini kumnyima chakula kulimaliza hata kile kidogo kilichokuwa kimesalia.

Katika miaka ya 1980, madaktari wa macho katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, Tanzania, walikuwa wamechoka kuona watoto wakiletwa na vidonda vya macho. Zaidi ya thuluthi moja ya watoto waliowachunguza walikuwa wametoka kuugua surua. Wengine macho yao yalikuwa yameunguzwa na dawa za majani. (Niliposoma hapo niliweka karatasi chini, nikatoka nje.) Basi wakafanya jaribio. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini 88 kati yao waliongezewa vitamini A, yuniti 200,000 siku ya kwanza na nyingine 200,000 siku ya pili. Walipopima damu waliona kwamba watoto zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa na kiwango cha chini sana cha vitamini hiyo. Waliopewa, walikufa 6. Wale 92 ambao hawakuongezewa, walikufa 12. Kwa walio chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Alikufa mmoja upande huu, saba upande ule.

Matokeo yalichapishwa 1987, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF yakashauri watoto wenye surua wapewe vitamini A katika nchi ambako ugonjwa huu unaua wengi. Mtu mkali wa hesabu angesema idadi ile ya Mvumi ni ndogo, huenda ni bahati. Mwaka 1990 likaja jaribio la Cape Town, Afrika Kusini, la watoto 189. Waliopewa vitamini walikufa 2 kati ya 92, wasiopewa walikufa 10 kati ya 97. Na waliopona walipona haraka, kwani nimonia iliwachukua siku 6 badala ya 12. Linalonichoma ni kwamba hata London, mwaka 1932, daktari mmoja aitwaye Ellison aliwagawa watoto 600 wa ukambi, nusu yao akawapa vitamini kutoka mafuta ya ini la samaki. Wakafa 11 upande wa vitamini na 26 upande mwingine. Dunia ikasoma, ikasahau kwa miaka hamsini.

Naam, sasa nigeukie upande wako, wewe unayenisoma Kisauni au Buruburu, mwenye kopo la vitamini juu ya friji.

Nami nilikuwa nalo. Mwaka 2020 korona ilipoingia Kenya, nilikuwa Mombasa, na nilipougua nilinunua kila chenye jina la vitamini dukani. C, D, na moja yenye herufi nisizozifahamu. Mshahara wa nusu mwezi ulikwenda. Watu walikuwa wakisema kwamba wagonjwa mahututi wa korona walipimwa wakakutwa na vitamini D kidogo katika damu, kwa hiyo dawa ni hiyo. Kusikia hivyo moyo wangu ulikwenda moja kwa moja Mvumi. Kumbe ni yale yale!

La, hayakuwa yale yale. Mwili ukishikwa na homa kali, viwango vya vitamini kadhaa katika damu hushuka vyenyewe. Kwa hiyo kukuta kiwango kidogo kwa mgonjwa hakukuambii kama upungufu ndio uliomwangusha au ugonjwa ndio ulioleta upungufu. Njia ya kujua ni moja tu, ndiyo ile ya Mvumi. Gawa wagonjwa, nusu wape, nusu wasipewe, uhesabu. Walipofanya hivyo kwa korona, Brazil walitoa dozi kubwa ya vitamini D kwa wagonjwa waliolazwa, matokeo yakatoka 2021, na hawakutoka hospitali mapema kuliko wenzao. Uingereza walipima maelfu ya watu, wakawapa vidonge wale wenye kiwango kidogo, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba havikuwapunguzia korona wala magonjwa mengine ya njia ya pumzi. Ugonjwa tofauti, vitamini tofauti, jibu tofauti. Kopo langu nililimaliza kwa uchungu wa fedha tu.

Na hata kwa ukambi, vitamini A haizuii maambukizi. Anayezuia ni chanjo. Mwaka 2025 huko Texas, Marekani, ukambi ulizuka miongoni mwa watu wengi wasiochanjwa, wengine wakakimbilia vitamini A na mafuta ya ini la samaki nyumbani, mpaka hospitali zikapokea watoto ambao vitamini imewazidi na kuwaathiri ini. Maana vitamini hii si kama ile ya limau inayokojolewa ikizidi. Hii hukaa mwilini, na kwa mama mjamzito dozi kubwa yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Usiinunue ukampimia mtoto kwa kijiko chako. Zahanati za serikali hutoa bure, mara moja kila miezi sita, kuanzia miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Na akiugua ukambi, mhudumu atampa dozi mbili, siku mbili mfululizo, kwa kipimo cha umri wake. Ikiwa macho yameguswa, atampa ya tatu wiki chache baadaye. Majaribio yaliyokusanywa pamoja yalionyesha manufaa kwa wadogo chini ya miaka miwili waliopewa dozi mbili. Ya dozi moja peke yake hayakuonyesha hivyo. Kwa hiyo ukiambiwa rudi kesho, rudi kesho.

Mwaka huo wa 2025 nilikwenda Hewani. Mdogo wangu sasa ni baba, ana binti wa miezi tisa mwenye kitambi kile kile cha uji. Siku ya kliniki tulikwenda wote watatu. Mtoto alichomwa sindano yake ya ukambi na rubela, akatupigia kelele za kutosha kijiji kizima. Dozi ya vitamini alikuwa ameshapewa alipofika miezi sita, na tarehe imeandikwa.

Mdogo wangu alikishika kile kitabu, akakisogeza upande wa kulia kama afanyavyo siku zote anaposoma, akakitazama kwa muda.

"Dada," akasema, "ya miezi kumi na minane itaangukia wakati wa mvua?"

Tukahesabu kwa vidole. Ikawa kweli, itaangukia wakati wa mvua.

"Basi mwezi mmoja kabla, maji hayajapanda, nitampeleka kwa mama mkwe Garsen," akasema. "Akakae huko huko karibu na kliniki mpaka achanjwe."

Njiani kurudi alisimama chini ya mwembe, akachagua embe moja laini, akalimenya kwa meno, akamsugulia binti yake kipande midomoni. Mtoto akakunja uso kwanza. Halafu akashika mkono wa baba yake kwa mikono yote miwili, akauvuta.