Safari Fupi ya Mama



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa kigango chetu alinisimamisha mlangoni pa kanisa, akaniuliza mbele ya watu: "Padre, ni kweli mnampeleka mama yenu Zanzibar? Kufanya nini huko, katika umri huu?" Waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, nikajibu kwa mzaha kwamba anakwenda kuonja maji ya chumvi. Njiani kurudi nyumbani niliona kwamba swali lile lilistahili jibu lililo bora zaidi. Ndilo ninalojaribu kulitoa juma hili.

Mama yangu ana miaka sabini na minne. Amezaliwa Karagwe, ameolewa Karagwe, na shamba lake la migomba na mibuni ndilo lililotusomesha sisi sote sita. Ukiondoa hija moja ya Namugongo, safari zake zote ni za aina mbili: hospitali na misiba. Nguo yake ya safari na nguo yake ya matanga ni moja. Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyeligundua hilo, siku moja tulipokuwa tumeketi uani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mwaka jana, mjomba wetu alipofariki, ukoo ulichanga kwa siku mbili tu fedha za jeneza, maturubai na chakula, na hakuna aliyesema hana. "Je, mama akiwa hai hatuwezi kumchangia?" akauliza. Hakuna aliyekuwa na la kujibu.

Mama alipoulizwa anataka kwenda wapi, hakutaja mahali. Alisema: "Nataka kuuona mti wa karafuu." Tangu utotoni amekunywa chai yenye karafuu, na jino likiuma ameuma karafuu, lakini hajui mti wake umekaaje wala mkulima wake anavunaje. Hilo ni swali la mkulima kwa mkulima mwenzake. Nilimweleza kwamba karafuu ni kichipukizi cha ua kinachochumwa kabla hakijachanua, kwamba mkarafuu ni mrefu kuliko mbuni na wachumaji hulazimika kuupanda, na kwamba karafuu huanikwa juani kama tunavyoanika kahawa yetu. Akatikisa kichwa. "Ua lisilochanua," akasema. "Hilo sharti nilione."

Basi nikachukua daftari. Ndugu zangu waliniachia kazi hiyo, maana walisema padre amezoea kuhesabu sadaka.

Kwanza nilitafuta majira. Watu wengi huanza na nauli, lakini katika safari ya gharama ndogo mwezi ndio huamua mambo mengi. Machi hadi Mei ni masika. Mvua ya pwani wakati huo si ya mchezo. Kuanzia Juni upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka, na ndiyo miezi ambayo wageni kutoka Ulaya hujaa na vyumba hupanda bei. Mwezi wa Ramadhani nao husogea siku kumi au kumi na moja nyuma kila mwaka, hivyo ni vema kutazama kalenda: si kwa kuwa mgeni hakaribishwi, bali kwa sababu mchana migahawa mingi hufungwa, na heshima humtaka mgeni asile mbele ya waliofunga. Nikaona Oktoba ndiyo bora. Kusi limepungua, vuli bado haijakolea, wageni wameanza kupungua, na fedha ya kahawa bado haijaliwa na ada za Januari. Mama akauliza swali moja tu: "Na maharage atapanda nani?" Tukasogeza safari hadi katikati ya Oktoba, baada ya kupanda.

Kisha nikahesabu watu watatu: mama, dada yangu anayemhudumia, na mimi. Sikutaka mzee akae kitini kutoka Karagwe hadi Dar es Salaam kwa pigo moja. Nikaikata njia Dodoma, tulale kwa mtoto wa shangazi, kesho yake tupande treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024. Nauli yake ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000, na mwendo ni wa saa chache tu. Kwa basi hadi Dodoma nikatenga 60,000. Kwenda na kurudi kwa watu watatu ikawa 546,000. Boti ya Zanzibar, kwenda na kurudi, nikatenga 210,000. Dar es Salaam tungelala kwa shemeji. Mji Mkongwe usiku tatu, vyumba viwili vya kawaida, 300,000. Chakula siku nane, 240,000. Daladala na viingilio, 100,000. Akiba, 150,000. Jumla: shilingi 1,546,000. Watoto sita, kila mmoja 65,000 kwa mwezi, miezi minne tangu Juni, tunapata 1,560,000. Zinabaki 14,000 za peremende.

Nakiri kwamba niliona fahari. Hata mambo madogo nilikuwa nimeyafikiria. Chumba kiwe cha chini, maana nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi zilizosimama kama ukuta. Vitambulisho vya taifa visisahaulike, maana tiketi ya boti huandikwa jina. Jioni tungekwenda Forodhani kula urojo. Tungepanda daladala hadi mashamba ya viungo ya Kizimbani. Pwani ya mashariki tungeuliza kwanza saa za kujaa na kupwa, tusije tukamfikisha mama baharini wakati maji yamekwenda mbali. Na Dominika tungesali Minara Miwili, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Nilitaka mama alione, kwa sababu imani yetu ilipita upande ule kabla ya kutufikia: wamisionari Wakatoliki walitua Zanzibar mwaka 1860, wakafungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka Bagamoyo ndiko msafara wa White Fathers ulikoanzia mwaka 1878 kuelekea Uganda, hata mwaka 1892 misheni ikaanza Kashozi, karibu na Bukoba. Njia yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1860 Speke na Grant waliondoka Zanzibar, wakafika kwa Rumanyika, huku kwetu Karagwe, Novemba 1861. Wao walitumia zaidi ya mwaka. Sisi tungetumia siku tatu.

Jioni moja nikamsomea mama daftari lote, mstari kwa mstari. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipofika kwenye boti, akasema: "Hapo simama."

Nikasimama. Akaniuliza: "Kule si kuna daraja?"

Wapendwa, nilikuwa nimehesabu kila kitu, nikasahau jambo moja ambalo nyumbani kwetu linajulikana na halisemwi. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996, mdogo wake mama, mama yetu mdogo, aliingia MV Bukoba akiwa na mikungu ya ndizi ya kuuza Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 meli ilipinduka, ikazama ikiwa imekaribia kufika, na mamia ya watu wakafa. Hakuna nyumba ndefu sana katika mkoa wetu wa Kagera kutoka nyumba iliyompoteza mtu siku ile. Mama yetu mdogo hakurudi, wala mwili wake haukutambuliwa. Mimi nilikuwa seminarini. Nilipofika likizo, matanga yalikuwa yamekwisha na mama alikuwa shambani akipalilia. Tangu siku ile hajakanyaga chombo chochote cha majini. Hata mtumbwi. Nami, mwanawe, tena padre ninayesikiliza huzuni za watu kila juma, nilimwandikia boti mbili katika daftari na kuziwekea bei.

Akaniuliza: "Na huko hazizami?" Ningeweza kumtuliza kwa maneno matamu. Nikamwambia kweli: zimezama. Mwaka 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, na mwaka 2012 MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam. Nikamwambia pia kwamba boti ziendazo kasi huvuka kila siku kwa muda wa kama saa mbili, na maelfu huenda na kurudi salama. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Mwanangu, kabla sijaiona hiyo bahari, nipelekeni Igoma."

Wengi wenu mnapajua Igoma, Mwanza. Huko ndiko walikozikwa wengi wa waliofia MV Bukoba, wengine bila majina. Mama hajawahi kufika. Nilidhani ni kwa sababu ya shamba na umaskini. Sasa akanieleza: kila aliyemwuliza njia alimwambia kwamba ufikapo Busisi sharti uingie kivukoni. Kuzunguka kwa barabara ya mbali hakukuwa na wa kumpeleka, na kuingia kivukoni, ndani ya maji yaleyale, hakuweza. Lakini alisikia redioni mwaka 2025 kwamba daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita kama tatu, limefunguliwa. Tangu Juni ya mwaka ule alikuwa akingoja mtu amwulize anataka kwenda wapi. Tulipomwuliza, akaogopa kuharibu furaha yetu kwa habari za makaburi, ndipo akasema karafuu.

Nilirudi kwenye daftari. Siku ya kwanza, Karagwe hadi Mwanza, juu ya daraja. Siku ya pili, Igoma, bila haraka. Siku ya tatu, Mwanza hadi Dodoma. Nauli ikaongezeka 45,000, vyumba vya Mwanza 120,000, chakula cha siku mbili 60,000: jumla 225,000. Nikakata usiku mmoja wa Zanzibar pamoja na chakula chake, nikaokoa 130,000. Safari ikawa siku tisa, nitakosa Dominika moja tu hapa kwetu, na gharama ikawa 1,641,000. Tumepungukiwa 81,000. Nilikuwa tayari kuwapigia ndugu zangu simu, lakini mama akakataa. "Hizo zitatoka katika kahawa yangu. Siendi kwa mdogo wangu kwa fedha ya watoto peke yake."

Na boti? Hatujaafikiana, wala sitamlazimisha. Amesema: "Nifikisheni bandarini, nikiione. Hapo ndipo nitakapowaambia." Kwa hiyo daftari sasa lina safu mbili. Akiweza, tutavuka. Asipoweza, zile 210,000 za boti na 200,000 za vyumba vya kule zitatupeleka Bagamoyo, tutalala huko usiku mbili, ataonja maji ya bahari, maana bahari ni ileile. Na dada yangu atamtafutia sokoni karafuu mbichi, kama zipo. Tiketi ya boti tutainunua siku ileile. Mtu anayejua mambo ya safari ataniambia kwamba huo si mpango mzuri, kwamba kukata tiketi mapema ni salama zaidi. Ni kweli. Lakini tiketi iliyokwisha kulipiwa ingemfanya mama apande kwa kuona haya kupoteza fedha zetu, nami sitaki apande kwa sababu hiyo.

Ndilo jibu langu kwa yule mama wa mlangoni pa kanisa. Aliuliza tunakwenda kufanya nini. Na mimi pia, hadi jioni ile, nilikuwa sijui. Nilidhani ninampa mama yangu mapumziko, kumbe kwa miaka thelathini alikuwa na safari yake mwenyewe, nusu yake imezibwa na kivuko.

Ninyi mliopo Karagwe na Kyerwa, mlioko Nkwenda, Kaisho, Murongo na kote mnakosoma maneno haya: huenda nyumbani kwenu yumo mzee ambaye nguo yake ya safari ni ya matanga tu. Si lazima iwe Zanzibar. Huenda ni Bukoba, kwa nauli ya asubuhi na jioni. Huenda ni kijiji alikozaliwa, upande wa pili wa mlima. Mwulizeni anataka kwenda wapi. Akikutajieni jambo dogo, msikimbilie daftari kama nilivyokimbilia mimi. Ketini kwanza, mwulizeni mara ya pili.

Tutaondoka Jumanne moja ya Oktoba, Mungu akipenda. Padre jirani atawaadhimishieni Misa ya Dominika ile. Nami naomba sala zenu, hasa saa ile tutakapokuwa tumesimama bandarini na mama akitazama maji.

Nawatakieni Dominika njema.